Kofi Lililopewa Sifa Isiyo Yake

Mama yangu ana simulizi moja ambayo huirudia kila mtoto anapozaliwa katika ukoo wetu, na kwa kuwa sisi ni watu wa Moshi ambao hatukosi mzazi wa kumpelekea mtori, nimeisikia mara nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote. Mwaka 1967, katika zahanati moja ya misheni huku mlimani ambayo siku hizi haipo tena, nilizaliwa kimya. Sikulia, sikutikisika, na rangi yangu ilikuwa ya zambarau iliyoiva. Mkunga akanishika miguu kwa mkono mmoja, akanining'iniza kichwa chini, akanichapa makalioni. Kofi la kwanza, kimya. Kofi la pili, kimya. "La tatu," mama husema huku akijipiga paja kwa kiganja, "ukalia mpaka ng'ombe wakageuka."

Miaka yote hiyo mama ameamini kwamba kofi la tatu ndilo lililonipa pumzi, na mimi niliamini hivyo hadi nilipoanza kusoma historia ya namna binadamu walivyojaribu kuwazindua watoto wachanga wasiopumua. Sasa nadhani kofi lile, kwa uwezekano mkubwa, lilipewa sifa isiyo yake. Nathubutu kusema zaidi: sehemu kubwa ya historia hiyo, tangu vitabu vya kwanza vya tiba ya watoto hadi mitambo ya chuma ya karne ya 20, ni historia ya watabibu waliojitwalia sifa ya jambo ambalo mtoto alikuwa akilifanya mwenyewe. Wala kosa hilo halikuwa la wakunga wa vijijini peke yao. Maprofesa walilifanya kwa ufundi zaidi, na sisi wa leo tungali tunalifanya kwa sura nyingine.

Ili hoja hii ieleweke, inabidi kwanza tutazame kinachotokea katika dakika ile ya kwanza. Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu. Mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni humfikia kwa njia ya damu kupitia kondo la nyuma na kitovu. Akishatoka, inambidi ndani ya muda mfupi sana ayaondoe majimaji hayo, aingize hewa mahali ambapo hewa haijawahi kufika, na mkondo wa damu yake ugeuke uelekee mapafuni. Ni kazi nzito kwa kiumbe wa kilo tatu, lakini wengi huimudu. Kati ya watoto 100 waliotimiza miezi yao, 85 hivi huanza kupumua bila msaada wowote ndani ya nusu dakika ya kwanza, na wengine 10 hivi huanza baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Wanaobaki ndio wanaohitaji mtu awapulizie hewa. Anayehitaji kubonyezwa kifua au kupewa dawa ni nadra. Hafiki hata mmoja katika hao 100.

Katika miaka ya 1960, mwanafiziolojia Geoffrey Dawes wa Oxford na watafiti wenzake waliwachunguza watoto wa kima waliokatiwa hewa wakati wa kuzaliwa, wakagundua kwamba mtoto wa namna hiyo hunyamaza mara mbili. Mwanzo hujaribu kupumua haraka haraka, kisha huacha. Huo ndio ukimya wa kwanza, ambao hauchukui muda mrefu. Baada yake mtoto huanza kuvuta pumzi kwa kushtuka, moja moja, kama mtu anayeibuka kutoka majini, na kama hewa itampata wakati huo, anarudi. Isipompata, mishtuko hiyo inadhoofika, na baada ya dakika kadhaa unakuja ukimya wa pili. Ukimya huu wa pili hauvunjwi na kofi, wala maji baridi, wala kelele. Unavunjwa na hewa inayosukumwa mapafuni na mtu mwingine, vinginevyo mtoto anakufa.

Tatizo ni kwamba kwa macho matupu ukimya wa kwanza na wa pili havina tofauti. Mtoto amelegea, hapumui, hana rangi. Aliyesimama mbele yake hawezi kujua kama yuko kwenye ukimya ambao ungepita wenyewe baada ya muda mfupi, au kwenye ule ambao haupiti. Kwa hiyo mtu yeyote anayefanya jambo lolote mbele ya mtoto aliye katika ukimya wa kwanza, awe amemchapa, amemmwagia maji, amemvuta ulimi au amemsomea dua, ana nafasi nzuri sana ya kumwona akishtuka na kuvuta pumzi mbele ya macho yake. Ni nani angelaumiwa kwa kuamini kwamba yeye ndiye aliyeleta pumzi hiyo?

Tukiitazama historia kwa miwani hiyo, mambo mengi yanajieleza. Mwaka 1472, Paolo Bagellardo wa Padua, Italia, alichapisha kitabu cha magonjwa ya watoto ambacho ni miongoni mwa vitabu vya tiba vya kwanza kabisa kupigwa chapa. Alimshauri mkunga kwamba akimkuta mtoto angali na joto na hajawa mweusi, ampulizie hewa mdomoni, au kama sivyo, kwenye njia ya haja kubwa. Nusu ya ushauri huo ilikuwa sahihi kabisa, na ilikuwa sahihi karibu miaka 500 kabla ya dunia ya kitabibu kukubaliana nayo. Wakunga wenyewe, ambao hawakuandika vitabu, bila shaka walikuwa wakipuliza midomoni muda mrefu kabla ya Bagellardo.

Karne ya 18 ilikaribia sana kuupata ukweli. Mwaka 1754, Benjamin Pugh wa Uingereza alieleza namna ya kumpulizia mtoto mdomoni, na pia mrija wa kumfikishia hewa kabla hajamaliza kuzaliwa. Katika miaka hiyo hiyo kulizuka vyama vya kuwazindua watu waliozama majini, kwanza Amsterdam mwaka 1767, kisha London mwaka 1774, na jitihada zao zikawafanya madaktari wayatazame upya maiti ambayo pengine hayakuwa maiti. Lakini vyama hivyo hivyo viliupa heshima kubwa moshi wa tumbaku, ambao ulipulizwa kwenye utumbo wa aliyezama kwa bomba maalumu lililowekwa tayari kandokando ya mto Thames. Hivyo basi, pumzi ya mdomoni na moshi wa tumbaku viliandikwa katika mwongozo mmoja, kila kimoja na mashahidi wake.

Kilichofuata ni jambo ambalo mimi huliona la kusikitisha kuliko moshi wenyewe. Pumzi ya mdomoni ilianza kudharauliwa. Daktari mkubwa wa London, William Hunter, aliiona kuwa ni desturi ya watu wa chini, na wanakemia walipobainisha kwamba hewa inayotoka mapafuni imekwishatumika, wengi walihitimisha kwamba haifai kumpa mtu mwingine. Mahali pake ukawekwa mvukuto, kama ule wa mhunzi. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1820, Mfaransa Leroy d'Étiolles akaonyesha kwa wanyama kwamba mvukuto ukisukumwa kwa nguvu hupasua mapafu. Alikuwa sahihi. Lakini badala ya kupunguza nguvu ya mvukuto, madaktari wa karne ile waliiacha kwa sehemu kubwa njia nzima ya kusukuma hewa mapafuni, yaani waliiacha njia pekee inayouvunja ukimya wa pili, wakabakiwa na njia ambazo hufanya kazi pale tu ambapo hazihitajiki.

Ndipo lilipoanza gwaride la ajabu. Watoto walichovywa kwenye maji ya moto na ya baridi kwa zamu, wakasuguliwa brandi, wakapitishiwa umeme, na kuanzia mwaka 1892, kwa ushauri wa Mfaransa Laborde, wakavutwa ulimi kwa mpigo wa taratibu, mara nyingi kwa dakika. Sitaziorodhesha zote. Moja tu inatosha, kwa sababu ilikuwa na heshima kuliko nyingine zote.

Mwaka 1871, Bernhard Schultze, profesa wa ukunga mjini Jena, Ujerumani, alieleza namna ya kumbembeza mtoto asiyepumua. Daktari alisimama ametanua miguu, akamshika mtoto mabegani, vidole vya shahada vikiwa vimepita kwapani na kichwa kikiwa kimeegemezwa katikati ya viganja. Mtoto alining'inia mbele ya magoti ya daktari. Kisha daktari alimrusha juu kwa mikono iliyonyooka hadi usawa wa juu ya kichwa chake mwenyewe, hivyo kwamba miguu na kiuno cha mtoto vilikunjikia tumboni na kulibana. Hapo, kwa hesabu ya Schultze, pumzi ilitoka. Halafu alimshusha kwa kishindo, mwili ukanyooka, kifua kikapanuka, na pumzi ikaingia. Alirudia hivyo mara nane au kumi, akampumzisha mtoto kwenye maji ya moto, akaanza tena. Kuna watoto waliovunjika mifupa ya mtulinga na wengine waliopasuka maini. Hata hivyo njia hiyo ilifundishwa katika vyuo vya Ulaya na kuendelea kutumika hadi ndani ya karne ya 20.

Msomaji wa leo anaweza kucheka, lakini nadhani kicheko hicho kinatuficha swali lenyewe. Schultze hakuwa mjinga wala katili. Aliona watoto wakipumua baada ya kubembezwa, na aliwaona wengi. Asichokuwa nacho ni daftari la upande wa pili: kwamba katika chumba kingine kuna watoto waliokuwa kimya vile vile, ambao hawakubembezwa, na wangapi kati yao walipumua. Bila daftari hilo, njia yoyote haiwezi kushindwa kamwe. Mtoto akipumua, njia imemwokoa. Asipopumua, basi alikuwa amekwishakufa tangu awali, na njia haina lawama. Huo ndio mtego, na naomba msomaji aukumbuke, maana tutaukuta tena karibu na nyumbani.

Karne ya 20 haikutoka kwenye mtego huo kwa haraka. Mwaka 1950, Allan Bloxsom wa Houston, Marekani, alileta silinda ya chuma ambamo mtoto alifungiwa ndani, akapewa oksijeni yenye joto na unyevu, huku shinikizo la hewa likipanda na kushuka kama mikazo ya uchungu wa uzazi. Mtambo huo ulinunuliwa na hospitali nyingi, taarifa za mafanikio zikatolewa. Tofauti ni kwamba safari hii, katikati ya miaka ya 1950, watu walifanya kile ambacho hakikufanywa kwa Schultze: waliwagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine kwenye silinda, wengine kwenye kitanda cha kawaida chenye joto na oksijeni. Matokeo hayakuonyesha faida yoyote ya silinda. Ndani ya miaka michache mtambo ulitoweka.

Kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi la muongo ule halikuwa chombo chochote. Virginia Apgar, daktari wa usingizi jijini New York, aliona kwamba mara mtoto anapotoka, macho yote chumbani humrudia mama, na mtoto huachwa kwa yeyote aliyepo. Mwaka 1952 aliwasilisha, na mwaka 1953 akachapisha, alama zake tano: mapigo ya moyo, upumuaji, ulegevu wa misuli, mwitikio wa mtoto akiguswa, na rangi, kila moja ikipewa sifuri, moja au mbili. Alama hizo ndizo ambazo hadi leo mzazi yeyote wa Arusha au Moshi huzikuta zimeandikwa kwenye kadi ya mtoto wake, nane kwa kumi au tisa kwa kumi, bila kuelezwa maana yake. Hazikumtibu mtoto yeyote. Zilichofanya ni kumlazimisha mtu mzima mmoja amtazame mtoto kwa dakika nzima na kuandika alichokiona, na kwa njia hiyo daftari la upande wa pili likaanza kupatikana.

Mwaka 1956, Henning Ruben wa Denmark alitoa begi la mpira linalojijaza hewa lenyewe kila linapoachiwa, ambalo manesi wetu huliita ambu. Ukilitafakari, ni pumzi ya Bagellardo na mvukuto wa London vilivyorudi kwa unyenyekevu: hewa ileile, lakini kwa kipimo cha vidole viwili vitatu vya mkono. Kilichobaki cha kubishania kilikuwa ni hewa gani itiwe ndani yake. Kwa miongo mingi jibu lilionekana wazi kuwa ni oksijeni tupu, kwa mantiki kwamba aliyekosa kitu apewe kitu hicho kwa wingi. Mantiki hiyo ilikwishaleta maafa mara moja, katika miaka ya 1940 na 1950, ambapo watoto njiti wengi walipofuka kwa sababu ya oksijeni iliyozidi. Bado ilihitaji watafiti wa India na Norway, wakiwemo Ramji na Saugstad, kuwalinganisha watoto waliopewa oksijeni tupu na waliopewa hewa ya kawaida. Utafiti wao mkubwa wa mwaka 1998 ulihusisha watoto 609, na hewa ya kawaida haikuwa nyuma kwa lolote. Tafiti zilizofuata zikijumlishwa pamoja zilionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopewa hewa ya kawaida, na mwaka 2010 miongozo ya kimataifa ikageuka: mtoto aliyetimiza miezi aanziwe na hewa ya kawaida.

Napenda kusimama kidogo hapa. Kwa miaka mingi, muuguzi wa zahanati ya Kibosho, Marangu au Monduli ambaye hakuwa na mtungi wa oksijeni alifanya kazi akijua kwamba anachompa mtoto ni kidogo kuliko kinachotolewa Ulaya, akaomba radhi kwa kutokuwa nacho. Ikaja kubainika kwamba hewa ileile inayoshuka kutoka Kibo bila malipo ndiyo iliyokuwa inatakiwa. Sisemi hivyo ili kuutukuza ukosefu wa vifaa, maana mtungi huo huo huhitajika sana saa na siku zinazofuata kwa mtoto mgonjwa. Nasema kwa sababu dhana kwamba kinachokosekana kwetu ndicho kinachoua watoto wetu ni dhana inayohitaji ushahidi kama nyingine yoyote.

Ushahidi huo, kwa bahati njema, sehemu yake kubwa umepatikana Tanzania. Kuanzia mwaka 2009, hospitali 8 za nchi hii zilijaribu mafunzo mafupi ambayo mwaka uliofuata yalizinduliwa kimataifa, yanayomfundisha mkunga kumkausha mtoto, kumsugua, kusafisha njia ya hewa inapobidi, na kuanza kumpulizia kwa ambu ndani ya dakika moja, ile inayoitwa dakika ya dhahabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, na watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu huku ngozi yao ikiwa haijachubuka, dalili ya kwamba hawakufa zamani tumboni, walishuka kutoka 19.0 hadi 14.5 kwa 1,000.

Takwimu mbili ndani ya utafiti huo hazitajwi sana, nami naziona kuwa ndizo kiini chake. Kusugua na kukausha kulipanda kutoka asilimia 47 hadi asilimia 88 ya watoto, ilhali matumizi ya ambu yalishuka kutoka asilimia 8.2 hadi 5.2. Yaani walipuliziwa wachache zaidi, na walikufa wachache zaidi. Maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba wengi waliokuwa kwenye ukimya wa kwanza walipokaushwa mapema walianza kupumua, wakawaachia ambu wale wachache waliokuwa wanaihitaji kweli. Kusugua mgongo si tofauti sana na kofi la mkunga wangu, kama ukiliondolea maumivu na ile hatari ya kumning'iniza kichwa chini. Kinachotofautisha ni kile kinachofuata: kwamba sekunde zinahesabiwa, na mtoto asipoitikia, mkono unakwenda kwenye begi badala ya kurudi makalioni kwa kofi la nne.

Ile takwimu nyingine, ya watoto waliozaliwa wafu, inabeba uzito ambao sina hakika kama tumeupokea. Mafunzo ya kumpulizia mtoto hewa baada ya kuzaliwa hayawezi kumfufua aliyekufa tumboni. Kama idadi ya "wafu" ilishuka baada ya mafunzo hayo, basi angalau baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu hapo awali walikuwa hai, moyo ukidunda polepole, kwenye ukimya wa pili. Walifungwa nguo na kuwekwa pembeni, na kalamu ikaandika.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningemsuta Schultze halafu nikayapokea matokeo haya bila swali. Utafiti wa hospitali 8 ulilinganisha kipindi cha kabla na cha baada, na katika miaka hiyo mengi yangeweza kubadilika. Hapo ndipo kazi ya Haydom inapopata thamani yake. Hospitali hiyo ya Kilutheri iko wilayani Mbulu, mkoani Manyara, eneo ambalo hadi mwaka 2002 lilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Watafiti wa huko na wenzao wa Norway waliweka watu wa kukaa chumba cha kujifungulia usiku na mchana, wakiwa na saa mkononi. Walibaini kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupuliza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Kisha walifanya jambo la ujasiri zaidi: waliyapima mafunzo yenyewe. Wakunga waliohudhuria kozi ya siku moja walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mafunzo, lakini kwa watoto halisi wodini hapakuwa na mabadiliko.

Hilo lilipaswa kututikisa. Kozi ya siku moja, yenye cheti, posho na picha ya pamoja, ni mbinu kama mbinu nyingine, na kwa muda mrefu tumeipa sifa kwa mtindo ule ule: washiriki wamefaulu mtihani wa mwisho, kwa hiyo watoto wataokoka. Haydom walipoibadilisha, wakawa wanafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki palepale wodini, vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa 1,000. Mwendelezo wa kazi hiyo, uliohusisha hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulichapishwa mwaka 2025, na kwa kuwa vituo viliingizwa kwa awamu, ulikuwa na daftari la upande wa pili lililo bora zaidi. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa 1,000. Mikoa yetu ya Kilimanjaro na Arusha haikuwemo.

Kitaifa, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 112 kwa 1,000 katika utafiti wa afya wa mwaka 2004/05 hadi 43 katika ule wa mwaka 2022. Vya watoto wa chini ya siku 28 vimetoka 32 hadi 24 tu. Chanjo, vyandarua na dawa ya mseto vimefanya kazi yake. Dakika ya kwanza imebaki karibu ilivyokuwa. Jibu ambalo hutolewa haraka katika mikutano ni mitambo. Ipo mitambo ya kupoza mwili wa mtoto aliyekosa hewa, ambayo imewasaidia kweli watoto wa nchi tajiri kuepuka ulemavu wa ubongo. Lakini ilipojaribiwa katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, kwa matokeo yaliyotolewa mwaka 2021, watoto waliopozwa walikufa kwa asilimia 42, na wasiopozwa kwa asilimia 31. Nawaomba wanaoandaa bajeti za mikoa yetu waisome takwimu hiyo kabla ya kukata utepe.

Mwaka juzi nilimsindikiza binti wa dada yangu kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Alijifungua salama, mtoto akalia papo hapo, nasi tukacheka. Wakati tunasubiri ruhusa nilimuuliza sista kama ninaweza kuona ambu. Alinionyesha kabati la kioo ukutani, na ndani yake begi jipya, barakoa mbili, moja ya mtoto aliyetimiza miezi na moja ya njiti, na mwanasesere wa mafunzo angali kwenye mfuko wake wa plastiki. Kabati lilikuwa na kufuli. "Ufunguo anao mama msimamizi," aliniambia, "yupo zamu ya mchana." Ilikuwa saa moja kasoro usiku. Sikumlaumu, maana vifaa vilivyopotea hukatwa kwenye mshahara wa mtu. Nilitazama tu saa yangu na kujaribu kukadiria ni sekunde 30 ngapi zingepita kabla ufunguo haujafika.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama yote haya, ya Dawes, ya Schultze, ya ukimya wa kwanza na wa pili, nikitarajia anikemee kwa kulidharau kofi lake. Alisikiliza hadi mwisho huku akimenya ndizi. Kisha akaniuliza kama ina maana kwamba mtoto wa yule mwenzake naye angeweza kupona. Nikamuuliza mwenzake yupi.

"Yule wa kitanda cha pili, wa Kirua," alisema. "Tulijifungua usiku mmoja. Wa kwake naye walimning'iniza, wakamchapa hivyo hivyo, huyo mkunga huyo huyo. Hakulia. Wakamfunga kwenye kanga wakamweka mezani pale karibu na dirisha, wakaja kwangu." Aliacha kumenya, akanitazama. "Sijawahi kukuambia?"